Nimesoma kitabu cha rafiki yangu, kurasa 16 hazikuwepo

Wacha nianze na bei ju najua ndio mtauliza kwanza. Shilingi 800. Nilituma kwa M-Pesa Jumatatu jioni, Jumatano nikapitia kukichukua kwa kaduka fulani Moi Avenue, ghorofa ya pili, zile ngazi za giza zenye unapanda ukishika ukuta. Sikuomba kupunguziwa na hii nataka ieleweke, maana kuna watu walimwandikia "si unipe tu moja ya bure nikupigie debe", na mtu amechukua mkopo wa chama akachapisha nakala 200, sasa hilo debe utampigia akalipe chama na nini.

Jina la kitabu sitaji. Mwenyewe ameniomba ningoje mpaka toleo lililorekebishwa litoke, na mkiendelea kusoma mtajua kwa nini.

Tunajuana kupitia grupu ya WhatsApp, tuko watu 11, wengi wa Umoja na Donholm, na kazi ya grupu ni moja tu: kila Jumapili jioni unapiga picha ya ukurasa wenye umefika na unaituma, kidole gumba chako lazima kionekane. Sheria ya kidole ilikuja baada ya jamaa mmoja kutuma ukurasa ule ule wiki tatu mfululizo. Tulimshika kwa sababu ya doa la chai pale kwa kona, lilikataa kusonga. Watu wanasoma chochote. Kuna dada anatuma noti za CPA, ile mitihani ya uhasibu, na tunamhesabia kama kitabu kingine chochote, kuna mzee wa boda anasoma fasihi ya binti yake wa Form Three ili akikuja likizo wawe na stori, halafu kuna mimi na vitabu vyangu vya inama. Kama wewe si wa Nairobi, inama ni lile duka la vitabu lisilo na duka, vitabu vimetandazwa chini kwa gunia huko town na lazima uiname ndio uone, mia moja mia mbili unarudi nyumbani na riwaya yenye ndani imeandikwa jina la mtoto wa wenyewe na darasa alilokuwa. Tangu vitabu viwekewe kodi ya VAT ya asilimia 16 mwaka 2013 mimi nimekuwa mtu wa kuinama tu. Kwa hivyo 800 kwa kitabu kimoja kwangu si mchezo.

Sasa huyu rafiki yetu alikuwa akituma kidole chake kila Jumapili kama sisi wote, kumbe usiku anaandika. Akatuambia siku amepata namba ya ISBN kutoka maktaba ya taifa, yaani kitabu kimeisha, kimebaki kupelekwa kwa mashine. Grupu ililipuka. Mimi nilifurahi halafu nikaingiwa na baridi, ju nilijua lazima nitakisoma na lazima ataniuliza.

Mimi nafanya kazi saiba, duka la intaneti, kila siku ni fotokopi na baindi, kwa hivyo kitabu nikikishika naanza na mwili wake kabla ya roho. Jalada zuri, picha ya mkono umeshika rundo la funguo, lakini lamineti imeanza kujikunja pembeni hata kabla sijafika nyumbani. Karatasi nyeupe ya kawaida, ile ile tunauza rimu, na nyeupe hiyo inachosha macho usiku. Gundi iko sawa. Herufi ndogo kidogo, nadhani walikuwa wanabana kurasa ziwe 192 basi.

Stori yenyewe ni ya mama mmoja keateka, yaani msimamizi wa nyumba za kupanga, kwa ploti ya ghorofa saba huko Pipeline. Ana funguo 84. Anajua nani hajalipa, nani ameleta mgeni, nani anaiba maji usiku na mitungi ya lita 20 akidhani tangi halina macho. Mwanzo ni moto, nasema hivi bila upendeleo. Kuna mahali anapanda ngazi asubuhi kukusanya kodi na anajua kila mlango kwa harufu tu, hapa wamekaanga omena (dagaa), hapa kuna mtoto mgonjwa, hapa hakujapikwa tangu juzi. Mimi nimekaa Pipeline miaka minne na hiyo ya hakujapikwa ilinikalisha chini.

Shida ya kusoma mtu unayemjua ni kwamba unamsikia. Kila mhusika anaongea kama yeye. Keateka anasema "aki ya nani", mwenye ploti ambaye ni mzee wa miaka sabini anasema "aki ya nani", hata askari kwa OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi, anasema "aki ya nani". Halafu methali. Wueh. Kila sura inaanza na methali kama insha ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, na KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023 lakini naona zile methali zimekataa kuhama.

Basi nikafika ukurasa wa 96. Ni usiku, keateka amelala, anasikia kabati likiburutwa kwa ngazi, mtu anahama na hajalipa miezi mitatu. Anaamka, anatafuta slipa gizani, anafungua mlango. Nahamia ukurasa unaofuata niko sokoni. Mchana. Ananunua omena na anabishana na muuzaji juu ya kipimo.

Na hapa ndio nitawaambia ukweli wa aibu. Nilipenda. Nilisema aah, huyu msichana ameiva, amekata usiku katikati akaturudisha mchana ili tuumie tukingoja. Nikasoma kurasa nne nzima nikitingisha kichwa kama mwalimu. Nikaingia grupu nikaandika kwamba kuna mahali mwandishi anacheza na wakati kwa ustadi mkubwa, nikapewa makofi manne. Ilikuwa ni mpaka yule muuzaji wa omena aliposema maneno nilikuwa nimeyacheka juzi ndio nikaangalia namba chini. 84. Nikarudi nyuma, 96. Nikaenda mbele, inafika 96 tena halafu inaruka 113.

Kwa mtu wa saiba hiyo hesabu inajieleza. Kitabu cha matbaa hakichapishwi ukurasa mmoja mmoja, karatasi kubwa moja inachapwa pande zote mbili halafu inakunjwa mpaka inakuwa kurasa 16, na hivyo vifungu ndivyo vinapangwa vikifuatana, vinapigwa gundi, vinakatwa. Fundi wa matbaa huko River Road alichukua kifungu cha 81 hadi 96 mara mbili, cha 97 hadi 112 akakiacha kwa meza. Sijui alikuwa amechoka ama alikuwa anaangalia mpira. Kingekuwa kitabu cha inama cha mia moja ningejua ni kasoro sekunde hiyo hiyo. Kwa sababu ni cha rafiki yangu niliita ustadi.

Nikampigia simu.

"Umefika wapi?" hata salamu hakuna.

"Mama, 97 iko wapi?"

Akanyamaza. Nikamwambia ashike nakala yoyote hapo kwake. Nikasikia kurasa zinageuzwa, nikasikia amechukua ingine, ikawa sawa, ingine, haiko sawa. Alikagua zenye zilikuwa zimebaki kwa boksi na tukakaa kwa laini mpaka salio langu likaisha akanipigia yeye. Halafu akasema kitu sikuwa nimekifikiria. Akasema, "Lakini wiki tatu sasa. Watu watano wameniambia wamemaliza."

Sikuwa na jibu. Kwa grupu walinunua wanane. Baadaye ilikuja kujulikana nakala sita kati ya hizo nane zilikuwa na kasoro, na kati ya wale watano wa "nimemaliza, moto sana, nililia mwishoni", wanne walikuwa na zile mbovu. Yaani mtu alilia mwishoni na hakujua kati kati hakuna kitu. Nilijaribu kuwatetea, nikasema labda walisoma haraka, labda na wao walidhani ni ustadi kama mimi. Akasema "sawa". Hiyo sawa naijua.

Sasa nilitaka kujua kilichotokea kwa ngazi na kungoja nakala mpya sikuweza. Asubuhi yake nikiwa kwa matatu, tumekwama Jogoo Road hata stage ya Hamza hatujafika, simu ikaanza kulia ting ting ting. Amenirekodia kurasa zote 16 kwa sauti yake, vipande kumi na moja, kuna mahali unasikia jogoo na mahali unasikia anapuliza chai. Nikaweka hedifoni. Sijawahi kuombea jamu iendelee lakini siku hiyo niliombea. Keateka anapanda mpaka chumba 61, mlango uko wazi, wamehama wote na ndani wameacha kitu kimoja tu, viatu vya shule vya mtoto, vimepigwa rangi, kamba zimefungwa pamoja ili kimoja kisipotee. Anavichukua. Anavificha chini ya kitanda chake na asubuhi anamwambia mwenye ploti hawakuacha chochote. Nilishuka City Stadium badala ya kufika town, nikatembea, sikutaka kondakta anione uso.

Nakala nzuri alitupea Jumamosi moja pale nje ya maktaba ya McMillan, Banda Street, kwa wale simba wawili. Matbaa walikubali kurudia zile mbovu bila malipo baada ya wiki mbili za "kuja kesho", hiyo nawapa, ingawa kesho zao zilikuwa saba. Tulikaa kwa ngazi tukibadilishana mbovu na nzuri kama watu wa magendo. Jengo lilifunguliwa 1931 na miaka hiyo lilikuwa la Wazungu peke yao, nyanya zetu wangefukuzwa hata hapo kwa simba, kwa hivyo mimi hupenda kukaa hapo hata nikiwa sina shughuli.

Usiku nikafanya kitu cha udaku. Nikafungua 97 nikawasha zile sauti zake nifuatilie na kidole. Na nikagundua hakuwa anasoma kila kitu. Kuna sentensi alikuwa anaruka. Si nyingi, nilihesabu saba. Ya kwanza ni hii: "Usiku ulikuwa mweusi kama moyo wa mwanadamu asiye na shukrani." Kwa sauti haiko, anapita moja kwa moja mpaka kwa ngazi. Ingine ni methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, imekaa hapo katikati ya mtu anahama usiku sijui ililetwa na nani. Haiko. Na ile ya mwisho inatueleza kwamba viatu vile ni ishara ya utoto uliopotea. Aliiruka pia na nilisikia pumzi yake ikisita kidogo hapo, kama mtu ameona deni.

Nilikuwa nimeandaa maneno yangu ya kumwambia, nimeyapanga kwa adabu, nianze na mazuri. Sikuyatumia. Nilipiga mistari ya penseli kwa zile saba nikamtumia picha, nikamwambia tu hizi hukunisomea. Alikaa siku mbili bila kujibu na mimi nikajua urafiki umeisha. Siku ya tatu akatuma picha za sura ya kwanza mpaka ya nne, amekata kwa wino mwekundu, kila methali imelala. Akasema anajisomea kwa sauti jikoni, chenye mdomo unakataa anakitoa. Hata "aki ya nani" ya mzee ameitoa, ya askari amegoma kuitoa, anasema askari huyo anamjua.

Alama nampa saba kwa kumi na naipeana kama mteja aliyelipa. Ingekuwa nane lakini mwisho umeharakishwa, mume aliyepotea anarudi kwa kurasa tatu na hatuambiwi alikuwa wapi, na hiyo nimemwambia. Kama mnakaa ploti kitawagusa. Kama mna ploti pia kisomeni, ingawa hamtapenda sura ya tano. Toleo jipya likitoka nitanunua tena, na nitalipa, na ukiwa na rafiki ameandika kitabu usimwombe cha bure, na ukimwambia umemaliza uwe umemaliza kweli, ju mafundi wa River Road wanakuona.

Jumapili iliyopita saa mbili usiku picha zikaanza kuingia. CPA, fasihi, mimi na inama yangu mpya. Halafu ikaingia picha ya yule dada aliyelia mwishoni. Kidole chake chenye rangi ya kucha ya zambarau kiko ukurasa wa 103. Chini ameandika, "Ngai, kumbe waliacha viatu??"

Grupu ilinyamaza kama dakika tano hivi, kila mtu anaona lakini hakuna anaandika. Ndio mwandishi akajibu, "Endelea kusoma mama."