Kujifunza Useremala wa Zana za Mkono kwa Video za Paul Sellers

Kwa anayetaka kujifunza useremala bila mashine za umeme, ninazipendekeza kwa moyo wote video za Paul Sellers, seremala wa Uingereza anayefundisha bure kwenye YouTube. Thamani yake kubwa imo katika somo la kunoa, kwa kuwa anaonyesha polepole jinsi ya kuishika patasi kwa pembe ya takriban nyuzi 30, kuisugua juu ya vibao vitatu vya almasi kuanzia chenye kukwaruza hadi kilicho laini, kisha kuimalizia kwenye ngozi. Niliporudia hatua hizo kwa siku kadhaa kwenye kisu cha randa yangu kuukuu, ambayo nilikaribia kuitupa, randa hiyo ilianza kutoa maranda membamba yanayopitisha mwanga. Viungo vya ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja kuingia katika tundu la mwingine, navyo anavieleza vizuri, hasa umuhimu wa kuchora mstari kwa kisu badala ya penseli. Hata hivyo, mara nyingi anatumia msonobari, ilhali mvule wetu una nyuzi zinazopishana na hubanduka vipande unaporandwa. Hapo ni vyema kutokeza kisu cha randa kidogo sana na kumwomba fundi aliye jirani akusimamie. Maelezo ni ya Kiingereza, lakini mikono yake inaonekana wazi wakati wote.