Keagiva (mtunzaji) wa kuja nyumbani kwa mzazi mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau: nawapea nyota tatu

Jina la kampuni sitaweka juu huku chini nitalalamika, lakini niko Umoja, Nairobi, na nimewatumia miezi minne kumwangalia mama, ako na miaka 76 na dimenshia ilianza kitambo tukidhani ni uzee tu.

Siku ya kujiandikisha walinipea fomu ndefu, dawa anazomeza, presha, chakula anachokataa, halafu chini kabisa swali, kwa nini ni wewe unamtunza. Wueh. Nilishika biro karibu dakika kumi. Jibu la ukweli ni kwamba brathangu ako Marekani, dadangu ameolewa Kitale, nani mwingine, na pia naogopa maneno ya kanisani na mambo ya radhi, usiniambie hakuna mtu hutunza mzazi juu ya kuogopa laana kwa sababu mimi nilikuwa huyo. Nikaandika "ni mamangu" nikarudisha. Yule mama wa ofisi akasoma akaniambia, "Hiyo pekee itakuchosha mapema." Nilikasirika, lakini nilikuwa nishachoka tayari.

Keagiva wa kwanza alikuwa dhahabu. Mama huamka alfajiri anatafuta magunia, ati waru (viazi) zimefika soko la Marikiti na amechelewa, na mimi nilikuwa namjibu mama soko uliacha zamani, tunagombana mpaka analia. Huyu dada alikuwa anamwuliza tu, "Shosho, leo gunia ni ngapi?" Basi mama anakaa, anapiga hesabu na bei za enzi ya Moi, huku uji unaingia na dawa inaingia. Ya jana imepotea ya zamani iko, ndivyo huo ugonjwa hufanya, kumbishia ni kumtesa bure.

Siku moja niko jikoni nikamsikia mama akimwambia huyo dada, "Hizo gunia mbili usiuze, ni fiizi ya huyu wangu wa mwisho." Huyo wa mwisho ni mimi. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameniuliza mimi ni mtoto wa nani. Sijui nieleze aje, lakini tangu hapo kumwosha hakunikeri vile kulikuwa kunanikeri, na kulia bado nalia, kwa choo, nikifungulia maji.

Sasa malalamiko. Mwezi wa tatu wa kuwatumia walimbadilisha huyo dada bila hata meseji, nafungua mlango nakuta mgeni, mama akapiga nduru kuna mwizi, siku mbili hakulala na mimi sikulala. Mtu wa dimenshia anashikilia sura na ratiba, mnajua hiyo kuliko mimi, ni nyinyi mnafanya hii kazi! Ofisini nikaambiwa ni mambo ya shifti.

Halafu bei, 1,500 kwa siku, na keagiva anatoka saa kumi na moja jioni wakati shida ndio inaanza, jua likishuka mama anataka kwenda "nyumbani" na anavuta geti. Katiba kifungu cha 57 inasema mzee atunzwe na familia na Serikali, sawa, upande wa Serikali mimi najua ile 2,000 ya Inua Jamii, pesa ya wazee, kwa mwezi.

Dada wa kwanza wamemrudisha wiki hii baada ya kelele nyingi. Kama kuna mtu anajua huduma ya kufika saa mbili usiku, Umoja ama Donholm, niandikie hapa chini.