Toyota 86 Baada ya Miaka Mitatu: Kabla Hujaagiza, Nisikilize

Wakuu, habari za jioni, karibuni tena. Leo sijaazima gari ya mtu. Hii nyuma yangu, nyekundu, iliyochubuka bampa hapa chini, ni yangu mwenyewe. Toyota 86 ya mwaka 2013, gia sita za mkono, na nimekaa nayo miaka mitatu kasoro wiki chache. Watu mmeniomba video hii muda mrefu, nikawa nakwepa, maana gari ukiipenda sana unashindwa kuisema ukweli. Leo nitajitahidi.

Kila nikisimama sheli swali ni moja. "Kaka, hii inakimbia ngapi?" Nikimjibu anaiangalia milango miwili, anaangalia pua ilivyolala, anarudi kuniangalia mimi kama vile namficha kitu. Sifichi. Injini ni 1998cc, nguvu farasi 200, na hizo 200 unazipata injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika. Barabara ikinyooka, Crown ya V6 ya 3.5 inakuacha huku mzee anayeiendesha anaongea na simu. Kwa hiyo kama unatafuta gari ya kukanyaga na kuwapita watu Bagamoyo Road, zima video, nenda kanunue V6, hatutagombana.

Hii ni gari ya kona. Na si lazima kona ya hatari, hata ile keep-lefti ya mtaani kwenu, spidi arobaini.

Ngoja nifungue boneti. Mnaona injini ilivyozama? Pistoni hazijasimama, zimelala, mbili huku mbili huku, zinapigana ngumi. Ndiyo boksa ya Subaru, FA20. Ikilala hivyo uzito wote unashuka chini, ndiyo maana gari ikiingia kona hailali ubavu. Uzito mzima ni kama kilo 1,230. Sasa ukiwa na IST au Vitz, matairi ya mbele yanafanya kazi mbili, yanavuta gari na yanakata kona. Kama mama aliyembeba mtoto mgongoni, ana ndoo kichwani, halafu unamwambia aharakishe. Hapa ya mbele yanakata kona tu, ya nyuma yanasukuma tu. Usukani unakuwa mwepesi kichwani hata kama si mwepesi mkononi. Sijui kama nimeeleweka.

Niwaeleze kwa mfano. Mwaka jana nilipanda Lushoto. Mombo nilitoka alfajiri, kabla ya daladala na malori ya mboga kuanza kushuka. Ile barabara mnaijua, nyembamba, upande mmoja jabali, upande mwingine unaona vilele vya miti, na kona hazijui kuisha. Sikuzidi hamsini. Gia ya pili, ya tatu, ya pili. Unagusa breki, pua inashuka kidogo, unazungusha usukani, halafu ukianza kurudisha mafuta taratibu unasikia kiunoni, kweli kiunoni maana umekaa chini kabisa, kwamba sehemu ya nyuma ndiyo inayokusukuma utoke. Kuna kona moja ilikuwa na mchanga. Nyuma ikahama kama upana wa kiganja, nikarudisha usukani, ikakaa. Spidi ilikuwa thelathini na kitu! Nilicheka peke yangu kama chizi. Kule juu nikanunua karoti na plamu, nikashuka.

Na hilo la kuteleza mapema si bahati mbaya. Ya daraja la GT imekuja na matairi ya 215/45R17, Michelin Primacy HP, yale yale yaliyokuwa yanafungwa kwenye Prius. Waliamua gari isishike barabara sana, ili dereva wa kawaida aonje bila kwenda spidi ya kumtafuta askari wa tochi. Mhandisi mkuu wake, Tetsuya Tada, alitaka gari ya kuchezea, siyo ya kuvunja rekodi. Jina nalo ni la babu yake, AE86 ya mwaka 1983, Corolla Levin na Sprinter Trueno, ndogo, nyepesi, zikisukuma kwa nyuma. Wajapani wanaita Hachi-Roku, nane sita. Hadi silinda za hii zina upana milimita 86 na pistoni inasafiri milimita 86. Utani wa mainjinia. Na ukikutana na Subaru BRZ ya miaka hii, ni gari hiyo hiyo, zote zilitoka kiwanda cha Subaru kule Gunma. Chagua ile iliyotunzwa vizuri, nembo isikusumbue.

Haya, mabaya sasa.

La kwanza, kuna shimo. Kati ya mizunguko 3,000 na 4,500 hivi injini inalala usingizi. Foleni ya Ubungo unataka kuchomoka mbele ya bajaji, unakanyaga, hakuna kitu, halafu ghafla inaamka ukiwa umeshapitwa. Utazoea. Mimi nashusha gia. Ila kama umetoka kwenye gari ya tabo, ile inayosukumiwa hewa kwenye injini, mwezi wa kwanza utadhani umeuziwa mgonjwa.

La pili, sauti. Ngoja niiwashe. Nyamazeni kidogo... mnasikia hiyo, kri-kri-kri? Ndiyo, hapo hapo, kama nyenje kwenye nyasi. Hiyo ni pampu ya mafuta ya presha kubwa. Mimi siku ya kwanza nilizima gari nikaanza kusali. Za miaka ya mwanzo nyingi zinalia hivyo na zinaishi. Lakini nyenje ni tofauti na kugonga. Ukisikia chuma kinagonga, to-to-to, kutoka chini ya injini, hiyo siyo nyenje, hiyo ondoka, hata kama bei ni tamu.

La tatu ni beringi ya klachi. Kwangu ilianza kama mluzi nikiachia pedali, nikaupuuza miezi miwili. Siku ya siku, pedali ikaanza kukwaruza mguuni, unasikia kabisa kama mchanga kwenye meno. Gia boksi ikashushwa. Ushauri wangu wa bure, ukishashusha gia boksi badilisha beringi, pleti na kifuniko chake kwa pamoja, usirudi kulipa ufundi mara mbili kwa ubahili wa siku moja. Nilikuwa mbahili mimi, nikabadilisha beringi tu. Baada ya miezi mitano nilirudi pale pale.

Na hapa nina dukuduku langu. Kuna gereji moja, jina naliacha, niliwapelekea gari kumwaga oili nikaenda zangu kula. Kurudi, nimewekewa 20W-50. Fundi ananiambia, "Bosi, nchi yetu ya joto, hii nzito ndiyo inalinda." Gari hii inataka 0W-20, nyepesi kama maji, imeandikwa kwenye kitabu chake. Na kwenye injini hii oili haifanyi kazi ya kulainisha peke yake, presha yake ndiyo inayozungusha mfumo wa kubadili muda wa valvu. Kesho yake asubuhi taa ya injini ikawaka njano, gari inatetemeka. Tukamwaga, tukaweka ya kwake, ikatulia. Tangu siku ile nanunua oili mwenyewe na nasimama pale pale fundi akimimina. Wanakuchukia, lakini simama.

Plagi nazo, kwa sababu injini imelala, zimekaa ubavuni zikitazamana na chesisi. Fundi ambaye hajawahi kufungua Subaru atakutajia bei ya kushusha injini. Mwambie asante, tafuta mwingine. Taa za nyuma kuingia unyevu, hiyo kawaida. Na petroli: mgandamizo wa injini hii ni 12.5 kwa 1, mkubwa, ndiyo maana Japani inatumia ile ya oktani ya juu, isiyolipuka kabla ya wakati. Weka iliyo bora kuliko zote unazoweza kuipata, sheli unayoiamini.

Tuje kwenye kununua, maana ndicho kilichowaleta wengi.

Nikuambie nilichojifunza: kwa gari hii unanunua tabia ya mtu aliyetangulia. Hii si Premio ya mwalimu mstaafu. Wengi waliozinunua walikuwa vijana, na vijana hawaachi kitu salama. Ukikuta imefungwa tabo na mtu asiyejulikana, springi zimekatwa, egzosi inapiga mabomu, mwenyewe anakwambia "nimewekeza hela nyingi humu", yeye anaona faida, wewe soma hasara. Mimi nilizunguka miezi saba kutafuta ambayo haijaguswa. Niliyoipata ilikuwa na redio ya zamani na matairi yaliyoisha sawasawa pande zote mbili. Hicho cha matairi kiangalieni sana. Nyuma yakiwa mapara na mbele ni mapya, usiulize, jibu unalo.

Ukiagiza Japani, omba karatasi ya mnada. Gredi 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 unaweza kuishi nayo. Ukiona R au RA, ilishagonga ikatengenezwa. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya Toyota ya Japani ya kuangalia gari zilizoitwa kurekebishwa, kwa sababu mwishoni mwa 2018 walizirudisha za 2012 na 2013 kwa springi za valvu. Kazi ile inataka injini itoke. Uliza kama ilifanyika.

Halafu madaraja. Ya GT na GT Limited zina difu ya Torsen, ile inayogawa nguvu kwenye tairi lenye mshiko. Kwenye madaraja ya chini usichukulie kwamba ipo, hakikisha. Ila kuna siri moja: ya G inakuja na rimu za inchi 16, tairi nene 205/55. Kwa barabara zetu hilo siyo daraja la chini hata kidogo.

Ushuru sasa, kaeni vizuri. Tuseme TRA wameithamini milioni 20 ikiwa bandarini. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo milioni 5, tumefika 25. Kwa kuwa iko chini ya 2000cc, ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, hiyo milioni moja na robo. Mainjinia waliozibakiza zile cc mbili, 1998, nawashukuru kila siku! Lakini ni ya 2013, imevuka miaka kumi, kwa hiyo unakula uchakavu wa asilimia 30, hiyo milioni saba na nusu. Jumla 33.75. Juu yake VAT asilimia 18, kama milioni sita. Umelipa kodi karibu milioni ishirini kwa gari ya milioni ishirini, na bado tozo ndogondogo ya reli na usajili. Ukichukua yenye umri wa kati ya miaka 8 na 10, uchakavu ni asilimia 15. Kwa hiyo mpya kidogo, ya bei kubwa kule Japani, inaweza kukukuta karibu pale pale. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti. Au tafuta ya mkononi, yenye namba D au E, mwenzio ameshaumia kwa niaba yako.

Ndugu zetu wa Kenya, nyinyi sheria ya miaka minane inawakatia hizi za mwanzo, mnabaki na zile changa miongoni mwa zilizoboreshwa kuanzia 2016, ambazo kwa gia za mkono zina farasi 207. Siyo adhabu mbaya. GR86 mpya ina 2.4, lile shimo limezibwa kabisa, lakini siwezi kuiita ya bei nafuu nikiwa na akili timamu.

Kuna walioniuliza kuhusu Mazda RX-8. Inavutia, makaratasi yanasema injini ni lita 1.3. Inakunywa oili kwa makusudi ya walioiunda, na usipopima mgandamizo kabla ya kununua utajuta. Mimi hapana. BMW E46 ya milango miwili inaendesheka vizuri sana, ila plastiki za mfumo wa maji zitakufundisha subira. Na wewe mwenye mke na watoto wawili uliyeandika ujumbe mrefu: nunua Altezza ya gia sita. Milango minne, inasukuma nyuma, injini ya 3S ya Beams, spea utazipata Gerezani. Viti vya nyuma vya hii gari ni vya kuweka begi. Shemeji yenu aliwahi kukaa huko kutoka Mbezi mpaka Posta, mpaka leo analisema.

Ila ukilaza hicho kiti, matairi manne yanaingia. Mchele wa kilo 50, magunia mawili, nimebeba.

Ya mwisho, matuta. Chini kuna kama sentimita 13. Hilo tuta la hapo kona, mnaliona? Lipande mshazari, tairi moja moja, taratibu. Mchubuko huu wa bampa ni wa wiki ya kwanza, nililiingia lote kwa mkupuo, nikasikia kraaa mbele ya majirani.

Aliyeuliza kama nauza, siuzi. Jamani, upepo huo, na nimepaki chini ya mwembe. Embe lingine hilo limedondoka. Ngoja niitoe gari.