Kamisama Kiss: anime tamu sana, ila manga ndo yenye stori yote

Wadau wa anime (katuni za Kijapani) hapa Kigoma, kama mmechoka na watu kurushiana moto kila epsodi jaribuni hii. Manga, yaani vitabu vyake vya katuni za kuchorwa, ni ya Julietta Suzuki, ilianza 2008 ikaisha 2016, vitabu 25. Anime wametengeneza studio ya TMS, sizoni ya kwanza 2012 epsodi 13, ya pili 2015 epsodi 12, fupi tu, wikiendi moja umemaliza.

Nanami ni binti wa sekondari, baba yake mcheza kamari kakimbia madeni kamwachia yeye, nyumba wanamtoa, yuko bustanini na begi lake anamsaidia jamaa mmoja anayeogopa mbwa, jamaa anambusu kwenye paji la uso anamwambia nenda kaishi kwangu. Kumbe kwake ni hekalu, na yeye ndo alikuwa mungu wa pale, katoroka miaka 20, sasa uungu kautupia mtoto wa watu. Nilimsimulia bibi yangu wa Kasulu wala hakushangaa, alichouliza ni hiyo mizimu yao wanaipelekea nini.

Utamu wenyewe ni Tomoe, mbweha mtumishi wa hekalu, mdomo mchafu balaa, hataki kabisa kumtumikia binadamu, na mkataba wao unafungwa kwa busu sasa wee fikiria. Hapendi, halafu anapenda, halafu anakataa kwamba anapenda, yaani unataka kumzaba kibao. Dada zangu mtamwelewa, japo mwanzoni anavyomsema Nanami mi naona amezidi.

Kuna binti mfalme wa kinamasi, ni kambare, kampenda mvulana wa kibinadamu. Kambare huyu huyu tunayemla na ugali wa muhogo! Nilicheka nikajikuta namuonea huruma. Mizuki yule nyoka mweupe naye anauma roho, hekalu lake limezamishwa na maji ya bwawa kabaki peke yake.

Sizoni ya pili wanaenda Izumo, huko Japani, kwenye mkutano wa miungu, Nanami anashuka mpaka kuzimu, hapo inanoga kweli kweli, halafu paap, imeisha. Mambo ya Tomoe wa zamani na mwanamke anaitwa Yukiji wanayagusa tu wanaacha, ndo maana nasema soma manga. Zipo epsodi za ziada za 2015 na 2016 zilizotoka pamoja na vitabu vya mwisho, zinaeleza hayo ya zamani, ila bado zinaruka vitu vingi.

Picha za kawaida, usitegemee makubwa, wanachekesha kwa sura zaidi. Mkienda kuwekewa kwenye flashi pale Mwanga semeni mnataka sizoni zote mbili na hizo za ziada, na mfungue muangalie palepale kabla hamjalipa, maana mimi niliwekewa sizoni ya pili tupu nikaanzia Izumo sijui nani ni nani.