Trela la friji la mtumba: lipi la kuanza nalo, lipi la kuliacha

Kabla hujampigia dalali simu, amua utabeba nini. Minofu ya sangara iliyogandishwa Mwanza inataka nyuzi 18 chini ya sifuri. Parachichi la Njombe linataka nyuzi 5 au 6 juu yake. Trela linalomfaa mmoja linaweza kumfilisi mwingine.

1. Trela la Ulaya (Schmitz Cargobull, Krone, Chereau)

Kwa samaki, nyama na mizigo mchanganyiko, naanza hapa. Boksi lina urefu wa mita 13.6 hivi, na mashine ya baridi mara nyingi ni Thermo King au Carrier. Tafuta kibandiko chenye herufi FRC na tarehe ya kuisha: maana yake boksi lilithibitishwa kuhimili nyuzi 20 chini ya sifuri. Kama muda umepita zamani, muulize muuzaji kwa nini boksi halikupimwa tena.

Wengi hununua mashine. Mimi nanunua boksi. Kompresa inafunguliwa na kutengenezwa, lakini foamu iliyokunywa maji ndani ya kuta ndiyo basi tena. Ingia mchana, ufungiwe milango, subiri macho yazoee giza. Ukiona uzi wa mwanga pembeni mwa raba za milango, joto nalo linapita hapo hapo. Kisha lipeleke mizani likiwa tupu, ulinganishe na uzito wa trela tupu ulioandikwa kwenye hati zake. Likizidi kwa mamia ya kilo bila sababu, umebeba maji, na utayabeba kila safari badala ya mzigo unaolipwa.

Mashine uikute haijawashwa. Weka nyuzi 20 chini ya sifuri, kaa hadi ifike, uone inavyoyeyusha barafu yenyewe na kurudi. Ikishavuka saa 20,000 za kufanya kazi, mimi huwa natoa kwenye bei gharama ya kufungua injini. Gesi ya baridi ya R404A, ya kizamani na inayozidi kuachwa, nayo ni sababu ya kuomba punguzo.

Angalia na matairi. Matrela mengi huja na super single, yaani tairi moja pana kila upande wa ekseli, na kwenye mizani zetu ekseli hizo huruhusiwa uzito mdogo kuliko zenye matairi pacha, ambazo kwa ekseli tatu hupewa tani 24.

2. Skeletoni (chasi isiyo na boksi, ya kubebea kontena) na jenereta

Kama kazi yako ni parachichi la kwenda bandarini tu, hii inapanda namba moja. Kontena la friji ni la kampuni ya meli. Wewe unahitaji chasi nzuri, twist lock (kufuli za kushikilia kontena kwenye chasi) zinazofunga sawasawa, na jenereta ya kulilisha umeme njia nzima. Ikague jenereta kwa ukali kuliko chasi: ikizima kwenye mlima wa Kitonga usiku, kontena halina injini yake.

3. Kontena lako la futi 40

Bei huwa nafuu, na hata likiegeshwa linafaa kuwa ghala la baridi. Hewa yake hutoka chini, kwa hiyo maboksi ya matunda yanakaa vizuri, nyama ya kuning'iniza siyo kazi yake. Utahitaji bado skeletoni na jenereta.

4. Boksi la kuungwa gereji

Paneli zimeunganishwa hapa, mashine imetolewa kwenye gari lililoanguka. Kwa maziwa na mboga ndani ya mji, sawa. Kwa samaki wa safari ndefu, likatae hata ukipewa kwa mkopo.