Seva Iliyotuonyesha Tope Penye Mikoko: Uzoefu Wangu

Ukubwa wa kumbukumbu ya kompyuta inayohitajika, aina za faili zinazosomwa na bei ya leseni yamo yote katika tovuti ya muuzaji, na anayeyataka atayakuta huko. Mimi naandika juu ya jambo moja ambalo tovuti hiyo haikulitaja: programu hii ya kusambaza picha za ramani, ikishindwa kuchora picha kwa ukamilifu, haisemi kwamba imeshindwa. Hutoa picha yenye ukungu, huiweka akiba kana kwamba ni picha kamili, kisha humpa hiyo hiyo kila atakayeiomba baadaye. Sisi tulilijua hilo mbele ya wazee waliokuja kutazama mikoko yao, nasi tukawaonyesha tope.

Kazi yetu ni kuchora ramani za mikoko ya hori ya Tudor, Mombasa, Mikindani upande mmoja na Junda upande wa pili. Picha tunazipiga kwa droni siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwa sababu ndipo mizizi, visiki na matope huonekana. Maji yakijaa, nusu ya habari imezama. Kila pikseli hubeba takriban sentimita 10 za ardhi. Picha hizo zikiunganishwa kuwa moja, faili lake huwa zito mno kwa kompyuta za kawaida, sembuse simu ya mwanachama wa kikundi cha kulinda mikoko, na kwa hiyo hatuna budi kulibana na kuliweka kwenye seva ambayo itamkatia kila mtazamaji kipande anachokihitaji tu.

Tulichagua kubana kwa JPEG 2000, kiwango ambacho sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 2000, na uchaguzi huo siujutii hata sasa. JPEG ya kawaida huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kubana kila mraba peke yake. JPEG 2000 hutumia hesabu ya weiveleti, ambayo huipanga picha kwa ngazi. Ngazi ya juu kabisa ina picha nzima ikiwa ndogo na hafifu, na kila ngazi unayoshuka huongeza upana na urefu maradufu mpaka picha ifikie ukali wake wote. Seva ikiombwa picha ya hori nzima husoma ngazi za juu tu na kuacha zilizobaki. Ikiombwa mti mmoja, hushuka hadi chini, lakini kwa eneo lile dogo pekee. Huo ndio uzuri wa mpango huu, na ndani yake ndimo ulimojificha ubaya wa programu ninayoilalamikia, kwa sababu seva isiyotaka kushuka mpaka chini huweza kukupa ngazi ya juu iliyotanuliwa, na jicho lisilojua likadhani ndiyo picha yenyewe.

Haki ya mtu ni haki yake, nami nitasema kwamba wiki za mwanzo nilikuwa shabiki mkubwa. Ungeweza kuiburuta ramani kutoka Makupa hadi Mikindani na picha ikakifuata kidole bila kusita. Mlilana, mojawapo ya aina za mikoko, ulionekana ukingoni unapopokea maji, mkoko wenyewe ukafuata kwa kijani chake kizito, na mchu ukajitenga kwa rangi yake ya kijivujivu, kiasi kwamba tuliweza kuchora mipaka ya kila aina tukiwa tumekaa mezani, kazi ambayo zamani ilitaka mtu azame magotini na daftari mkononi. Nilimwita kila aliyepita ofisini aje aone. Laiti ningeandika maoni haya wakati ule, ningewashawishi wote wanaofanya kazi hii Pwani wainunue.

Kisha ukaja mkutano. Kulikuwa na mabishano ya muda mrefu kuhusu eneo moja lililokatwa miti, ambalo kikundi kilikuwa kimelipanda upya, na wanakikundi walitaka kuona hali yake kutoka juu kabla ya kupeleka madai yao. Jambo hilo si dogo kwa anayeijua mikoko. Mchu ukikatwa huchipua kutoka kwenye kisiki, lakini mkoko wenyewe haurudi namna hiyo. Ukiukata umekwisha, na pengo lake hubaki mpaka miche mipya ioteshwe au ijiotee. Kwa hiyo swali la iwapo pale pana miche hai au pana matope matupu ndilo lililokuwa swali zima la siku ile. Tuliwasha projekta, na wengi waliokuwa na simu wakafungua ramani kwa wakati mmoja.

Picha ilikuja na ukungu. Hilo pekee halikunitia wasiwasi, kwani ni kawaida picha ya namna hii kuanza hafifu na kunyooka kadiri ngazi za chini zinavyofika. Tulingoja inyooke, haikunyooka. Nikasogeza karibu, ukungu ukakua nasi. Pale palipopandwa miche pakaonekana uwanda laini wa rangi ya udongo, bila doa la kijani, na mbaya zaidi ni kwamba hapakuwa na alama yoyote ya hitilafu: hapakuwa na kigae cheupe, yaani kipande cha ramani kilichobaki kitupu, wala onyo, na mtu asiyeijua kazi hii asingekuwa na sababu ya kutilia shaka alichokuwa akikitazama.

Mzee mmoja, ambaye ujanani alikuwa mkata boriti na anayeweza kukutajia daraja za miti ya kujengea kuanzia fito na pau hadi nguzo, alisimama akaniambia: "Mwanangu, hapa pana miche tuliyoipanda kwa mikono yetu. Picha yenu yasema hapana kitu. Tukifika huko afisini, ataaminiwa nani, sisi au picha?" Nilimwambia, "Mzee wangu, picha ndiyo yenye kosa." Aliniitikia kwa adabu, lakini niliona kwamba kikundi kizima kimevunjika moyo, na mtu mmoja aliyekuwa akipinga madai yao alikuwa amekwisha kuipiga picha ile pazia na simu yake.

Nilimpigia wakala aliyetuuzia leseni, aliyeko Nairobi. Nilitarajia aniulize toleo la programu, au aniombe kumbukumbu za matukio ya seva, au angalau aniulize kilichoonekana. Hakuuliza hata moja. Alisema, "Dada, wateja wetu wengine hawana shida hii. Tatizo ni intaneti yenu ya Pwani." Nilipojaribu kumweleza kwamba ukungu haukuondoka hata baada ya kungoja, alinikatiza: "Nunueni kwanza intaneti nzuri, halafu tuzungumze," akakata simu.

Intaneti ya Pwani! Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, ziliwasili Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Zote zinatokea baharini hapa hapa, na hapo ndipo safari ya kwenda bara inapoanzia. Mtu anayeuza programu ya mtandao nchini Kenya anapaswa kujua kwamba sehemu kubwa ya intaneti anayoitumia Nairobi imepita kwetu kwanza. Lakini hata angekuwa na haki juu ya mtandao, jibu lake lilikuwa la mtu aliyeamua kabla ya kusikia, na dharau ile inaniuma kuliko hitilafu yenyewe.

Nilirudi ofisini nikafanya alichopaswa kufanya yeye. Seva yetu iko Tudor, ofisini kwetu. Niliunganisha kompyuta kwa waya kwenye swichi ile ile ya seva, hata intaneti isihusike kabisa, nikafungua QGIS, programu ya kutazama ramani, na kuiomba seva eneo lile la miche. Ukungu ulikuwa palepale. Nikahamia eneo la jirani ambalo halikufunguliwa na mtu mkutanoni: picha safi, kila mti na kivuli chake. Nikarudi kwenye miche: ukungu. Nikafungua faili lenyewe moja kwa moja bila kupitia seva, na miche ikajitokeza kwa safu, kama ilivyopandwa. Hatimaye nikafuta hifadhi ya muda ya seva, ile akiba ya picha ilizokwisha kuzitoa, nikaomba tena, na picha ikaja safi.

Kumbukumbu za matukio zilimaliza maswali. Wakati wa mkutano maombi yalikuwa mengi kwa pamoja, na mengi kati yake yalipita muda uliowekwa kabla seva haijamaliza kusoma ngazi za chini. Hadi hapo sina lawama. Kila seva huelemewa. Lawama yangu ni kwamba kila jibu la namna hiyo lilitoka likiwa na namba 200, ambayo katika mawasiliano ya wavuti humaanisha kuwa ombi limetimizwa, na kigae kile nusunusu kikahifadhiwa kama kigae halali. Tulipokuwa na pikseli ya sentimita 10, picha iliyoishia ngazi 4 juu yake ina pikseli ya mita 1.6. Mche wenye majani machache humezwa wote ndani ya pikseli kama hiyo, na rangi ya tope linalouzunguka hushinda.

Hakuna anayeweza kusema kwamba njia ya kukiri kushindwa haikuwapo. Seva inaweza kujibu kwa namba 503, na kila kivinjari kitaelewa kwamba huduma haipatikani kwa wakati ule. Kiwango cha WMS, yaani kanuni za kuiomba seva picha za ramani, ambacho programu hii inajivunia kukifuata na ambacho toleo lake la 1.3.0 ni kiwango cha kimataifa cha ISO 19128 tangu mwaka 2005, kina utaratibu wake wa kurudisha taarifa ya hitilafu badala ya picha. Waliotengeneza programu waliujua utaratibu huo, kwani ukiiomba tabaka la ramani lisilokuwapo hukujibu kwa taarifa kama hiyo bila kuchelewa. Kwa hiyo waliamua kwamba picha mbovu inapendeza kuliko ukweli, na uamuzi huo huenda unamfaa anayeuza picha za hoteli za Nyali, lakini haumfai anayehesabu miti.

Baada ya hapo nilizigeuza picha za eneo lile kuwa GeoTIFF, faili za picha za ramani, zilizopangwa kwa ajili ya wingu, yaani kusomwa kupitia mtandao, zile ambazo OGC, shirika la viwango vya ramani, ilizipitisha kuwa kiwango mwaka 2023. Nilitumia GDAL, programu ya kugeuza faili za ramani, kazi iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998 na ambayo hailipiwi, na kuzisambaza nilitumia MapServer, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani. Faili ndani yake limepangwa vigae na nakala ndogondogo za picha nzima, na msomaji huomba baiti za sehemu anayoitaka pekee. Sitaficha kwamba faili zimekuwa kubwa kuliko zile za JPEG 2000 na diski yetu inalalamika. Ukilinganisha kasi, programu ya kulipia bado inaishinda waziwazi hapa ofisini. Hata hivyo, kwa jinsi tulivyoipanga, kigae kikishindwa kufika nafasi yake hubaki tupu, na mtazamaji hujua kwamba hakuona.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msiinunue, basi. Nikikumbuka zile wiki za mwanzo, najikuta nikilegea, kwa sababu sijaona programu nyingine inayoipitia picha nzito kwa wepesi ule, na kwa mtu mmoja au wawili wanaofanya kazi ofisini bila msongamano huenda ukungu huu usiwatokee kabisa. Huenda hata ni mpangilio mmoja tu unaohitaji kubadilishwa. Nimeutafuta katika mwongozo wote sikuuona, na nimemwandikia wakala kumuuliza. Jibu lililokuja, baada ya muda mrefu, lilikuwa tangazo la punguzo la bei kwa wanaohuisha leseni mapema. Hapo huruma yangu iliisha. Mtu ameambiwa kwamba bidhaa yake imewaaibisha wazee na kuupa upande wa pili ushahidi wa uongo, naye anajibu kwa bei!

Kwa aliye na leseni tayari, asiitumie katika mkutano wowote kabla ya kufanya hivi: aiombe seva eneo moja kwa kompyuta nyingi kwa pamoja mpaka ielemewe, kisha aache itulie, aliombe tena eneo lilelile akiwa peke yake, na alilinganishe na faili la asili. Ukungu ukibaki, afute hifadhi ya muda kila asubuhi au aizime kabisa, ingawa akiizima atapoteza sehemu ya ule wepesi aliolipia.

Leseni yetu haitahuishwa. Tumepeleka picha safi kwa kikundi pamoja na barua inayoeleza kwamba ile iliyoonyeshwa kwa projekta siku ya mkutano ilikuwa na hitilafu ya seva, na tumeambatisha kurasa za kumbukumbu za matukio. Wakala akitaka niyabadilishe maoni haya, aanze kwa kumpigia simu yule mzee, amwamkie, na amweleze yeye mwenyewe kwamba miche ilikuwapo.