Uzoefu wangu wa kumtafuta kibarua wa Norfolk katika madaftari ya parokia

Mama mkwe wangu ana umri wa miaka 86, na amezaliwa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kama walivyozaliwa wazee wake wote anaowafahamu. Aliniomba nimsaidie kumtafuta babu wa babu yake, kibarua wa shamba ambaye familia ilijua jina lake tu na kwamba alizikwa mwaka 1859. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nasaba ya kwetu niliipokea kwa mdomo kutoka kwa bibi. Sikuwa nimewahi kufungua daftari la kanisa. Ninaandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa katika familia za huku, ambao watoto wao watataka kuwajua wazee wa pande zote mbili.

Nilianza na tovuti ya kulipia na nikatoa ada ya miezi 6. Kwa upande wa sensa, fedha yangu haikupotea. Sensa ya mwaka 1851 ndiyo ya kwanza nchini humo kuuliza kila mtu alizaliwa katika parokia gani, na humo nilimkuta mzee wetu akiwa na miaka 59, pamoja na jina la kijiji alichozaliwa. Tatizo lilianza nilipotafuta ubatizo wake. Faharasa ya tovuti haikumwonyesha kabisa katika kijiji hicho, bali ilinipendekezea mtoto wa jina lilelile aliyebatizwa parokia jirani mwaka 1790, na nikaona kwamba watu 7 waliopandisha nasaba zao pale walikuwa wameshampokea mtoto huyo kuwa babu yao. Nilipofungua daftari la mazishi la parokia hiyo jirani, nilimkuta mtoto yuleyule amezikwa wiki 6 baada ya kubatizwa. Niliwaandikia wenye tovuti nikiwaeleza kosa hilo, na hadi ada yangu ilipokwisha pendekezo lilikuwa halijaondolewa.

Ubatizo wa kweli niliupata kwa njia ya polepole zaidi, ambayo sasa ndiyo ninayoianza kila mara. Tovuti nyingine, FamilySearch, inaonyesha bila malipo picha za madaftari mengi ya Norfolk, nami nilizisoma ukurasa kwa ukurasa kuanzia mwaka 1788. Usiku wa tatu nikamwona, mwaka 1791. Jina lake la ukoo linaishia kwa s mbili, na kwa mwandiko wa wakati ule s ya kwanza huandikwa ndefu, ikishuka chini ya mstari. Aliyenakili kwa ajili ya faharasa alizisoma hizo s mbili kuwa p moja, na mtu mzima akapotea. Pembeni mwa jina palikuwa na herufi P, ndogo, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia. Kati ya mwaka 1783 na 1794 serikali ilitoza peni 3 kwa kila ubatizo, ndoa au mazishi yaliyoandikwa daftarini, na maskini walisamehewa kodi hiyo. P ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya fukara. Mama mkwe alipoelezwa hivyo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba nimkuzie picha ile ili aione vizuri.

Madaftari yaliyofuata yalikuwa mepesi kusoma. Tangu mwaka 1754 sheria ilitaka wanaofunga ndoa na mashahidi wao watie saini, na mzee wetu, mwaka 1816, alichora X. Tangu mwaka 1813 ubatizo uliandikwa katika fomu zilizochapwa zenye nafasi ya makazi na kazi ya baba, na kila mtoto wake alipobatizwa kazi hiyo ilitajwa kuwa kibarua. Hata hivyo, watoto 3 wa kwanza walibatizwa katika parokia moja na wa nne katika parokia nyingine, na daftari la ubatizo halisemi kwa nini familia ilihama.

Kwa hiyo nilikwenda Norwich, katika hifadhi ya nyaraka ya Norfolk, na hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize zaidi, kwa sababu wengi huishia kwenye tovuti. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu, na daftari huwekwa juu ya mto laini ili mgongo wake usivunjike. Mhudumu aliniuliza swali moja: je, umetazama hati za wasimamizi wa maskini, yaani wale waliosimamia msaada wa parokia kwa mafukara? Sikujua hata kwamba zipo. Kwa sheria ya zamani, fukara alisaidiwa na parokia aliyohesabiwa kuwa mwenyeji wake, na kijana asiye na mke aliyeajiriwa mwaka mzima katika parokia fulani alihesabiwa kuwa mwenyeji wa hapo. Akiomba msaada mahali pengine, mahakimu walimhoji juu ya maisha yake, kisha wangeweza kuamuru arudishwe anakostahili.

Katika kasha la pili niliikuta karatasi yake, iliyokunjwa mara tatu. Ameeleza kwa kiapo alikozaliwa, shamba alilotumikia kwa mwaka mzima kabla ya kuoa na mshahara alioupata, kisha maradhi yaliyomfanya ashindwe kazi. Chini yake ipo amri ya kumwondoa yeye, mkewe na watoto 3, kila mtoto na umri wake. Alama yake ya X imechorwa kwa nguvu kiasi kwamba ukipapasa nyuma ya karatasi unaisikia kwa kidole. Daftari la kanisa lilikuwa limenipa siku 3 za maisha yake; karatasi hii ilinipa miaka iliyokuwa katikati, kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Ada ya tovuti sikuihuisha, ingawa kwa sensa ningeweza kuilipia tena mwezi mmoja mmoja. FamilySearch naipendekeza kwa kila mwenye subira ya kusoma picha zenyewe, na safari ya Norwich ningeirudia hata kwa mvua. Mazishi ya mkewe bado hatujayapata, kwa sababu kurasa za miaka hiyo zimeharibiwa na unyevu. Parokia zilipaswa kumpelekea askofu nakala ya madaftari yao kila mwaka, na nakala hizo ndizo nimeziagiza kwa ajili ya Jumanne ijayo. Mama mkwe amesema tutakwenda pamoja.